Mita Hamsini za Bwawani na Mita Hamsini za Ziwani

Tarehe 12 Agosti 2016, jijini Rio de Janeiro, Anthony Ervin wa Marekani aligusa ukuta wa bwawa kwa sekunde 21.40. Florent Manaudou wa Ufaransa aliugusa kwa sekunde 21.41. Ervin alikuwa na umri wa miaka 35, na miaka 16 kabla ya hapo, kule Sydney, alikuwa ametwaa dhahabu ya mita hizohizo 50 kwa sare na Mmarekani mwenzake Gary Hall, wote wawili kwa sekunde 21.98. Katika Olimpiki hiyo ya Rio, Mtanzania Hilal Hemed Hilal naye aliogelea mita 50 mtindo huru kwa wanaume, akaishia kwenye mchujo. Miaka minane baadaye Collins Saliboko alituwakilisha Paris katika mita 100, naye safari yake ikaishia hapohapo. Habari kama hizi kwetu hupewa sentensi moja redioni, kisha tunarudi kwenye mpira.

Zinastahili zaidi ya sentensi moja, na mimi napenda kuzitazama kutoka Mwese. Mwese iko juu milimani, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Upande wa magharibi nchi inateremka hadi Karema na Ikola, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Upande wa pili maji hushuka kuelekea bonde la Rukwa, ambako Mto Katuma unapita katikati ya Hifadhi ya Katavi, na wakati wa kiangazi viboko na mamba hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Kwa hiyo mtu wa Mwese ana maji pande zote mbili. Hana bwawa. Basi kwa nini taifa lenye maziwa makubwa namna hii huishia kwenye mchujo? Nadhani swali lenyewe linachanganya mila mbili tofauti za kuingia majini.

Mila ya bwawa ni mila ya kipimo. Maji yametulizwa kwa makusudi, joto lake limewekewa kiwango, na kamba zinazotenganisha njia zimetengenezwa ili zivunje mawimbi, jirani asimsumbue jirani. Mwogeleaji anaruhusiwa kwenda chini ya maji hadi mita 15 tangu aliporuka, maana yake karibu theluthi moja ya mbio inaweza kumalizika kabla kichwa hakijatokeza. Wengi wa mabingwa wa mita 50 huvuta pumzi mara moja tu njiani, au hawavuti kabisa. Hawageuki popote na hawamtazami mtu. Kipimo chenyewe kimewahi kupitiliza. Mwaka 1972, Munich, Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani katika mita 400 za mitindo mchanganyiko kwa sehemu mbili za elfu za sekunde. Baadaye wenye mchezo waliamua kuishia kwenye sehemu za mia, kwa sababu tofauti ndogo za urefu kati ya njia moja na nyingine zinaweza kuzidi pengo lile. Ndiyo maana Ervin na Hall waligawana dhahabu. Naiheshimu sana mila iliyokubali kwamba fundi wa kuta asiamue nani bingwa.

Lakini mbio hizi hazikuzaliwa bwawani. Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, mwaka 1896, waogeleaji walishindana baharini karibu na Piraeus, katika maji ya baridi kali, na Alfréd Hajós wa Hungaria aliyeshinda mita 1,200 alieleza baadaye kwamba njiani hamu ya kuishi ilizidi hamu ya kushinda. Mwaka 1900 walishindana mtoni, ndani ya Seine. Mwaka 1912, Stockholm, walishindana kwenye ghuba. Mita 50 za wanaume tunazozijua leo ziliingia Olimpiki mwaka 1988 tu, kule Seoul.

Hata namna ya kuogelea, ile ya kurusha mkono mmoja baada ya mwingine huku miguu ikipigapiga, ilifika kwa wenye mabwawa kutoka kwa watu wa maziwa na visiwa. Mwaka 1844 Waojibwe wawili, wenyeji wa nchi ya maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini, waliitwa kuogelea mbele ya Waingereza katika bwawa la High Holborn, London. Walirusha mikono hivyo, maji yakaruka, watazamaji wakaona si ustaarabu. Kisha Mwingereza mmoja aliyeogelea kifudifudi kwa utaratibu wa chura akawashinda wote wawili, na Uingereza ikaendelea na chura wake kwa miongo kadhaa. Somo lilipita mbele ya macho yao, wakaliacha lipite. Mwishoni mwa karne hiyo kijana wa Visiwa vya Solomon, Alick Wickham, aliogelea kwa mtindo wa kwao mjini Sydney, na safari hii waliotazama waliiga.

Halafu kuna Duke Kahanamoku wa Hawaii, ambaye kwangu ndiye kiungo cha habari hii yote. Agosti 1911, katika maji ya bandari ya Honolulu, alivunja rekodi ya dunia ya yadi 100 kwa zaidi ya sekunde nne. Wakubwa wa mchezo huko bara Marekani walikataa kuiandika. Walishuku saa, walishuku mkondo wa maji. Alipopelekwa bwawani kuthibitisha, alipata taabu mwanzoni, maana hakuwa amezoea kuukuta ukuta na kugeuka. Alijifunza. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya mita 100 Stockholm, kwenye maji ya wazi. Miguu na mikono ya Duke ilikuwa ileile bandarini na bwawani, ila kilichobadilika kilikuwa jengo.

Sasa tushuke Karema. Mvuvi anayetoka usiku na taa kutafuta dagaa na migebuka hajui anaogelea mita 50 kwa sekunde ngapi, wala hajawahi kuhitaji kujua. Anachohitaji ni kusoma upepo wa kusi kabla haujachafuka, kushikilia mtumbwi uliopinduka asiuache, kubana pumzi anaponasua wavu, na kubaki juu ya maji hadi wenzake wafike. Kwa miongo mingi meli ya MV Liemba ilitia nanga mbali na fuko nyingi za ziwa hili, na mitumbwi ndiyo iliyokwenda kuwapokea watu na mizigo. Huko anayesifiwa ni yule aliyerudi na aliyemrudisha mwenzake. Taifa zima liliona mila hii tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi ndio waliofika mwanzo. Watu 19 walifariki na 24 waliokolewa, na mmoja wa wavuvi hao, kijana Majaliwa Jackson, akajulikana kila nyumba.

Pwani wanazo njia zao za kati, baina ya bwawa na ziwa. Lamu, wakati wa Maulidi, vijana hushindana kuogelea kama wanavyoshindana kwa punda na kwa mashua, na anayeshinda huibeba heshima ya mtaa wake. Mbali zaidi, Ghuba ya Uajemi, wazamiaji wa lulu wa zamani walishuka na jiwe mguuni na kibano puani, na uhai wao ulikuwa mkononi mwa aliyeshika kamba juu ya chombo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeingia majini peke yake.

Mila ya bwawa na mila ya maji ya wazi zilikutana bila maandalizi tarehe 19 Septemba 2000, Sydney. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliingia mita 100 kwa nafasi maalumu yanazopewa mataifa ambayo waogeleaji wake hawajafikia viwango, mlango ambao nchi za kwetu pia huutumia. Alikuwa amejifunza kwa miezi michache tu katika bwawa dogo la hoteli, na alikwenda pia mtoni na baharini, ambako wavuvi walimwelekeza namna ya kupiga miguu. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza huko Australia. Wenzake wawili wa mchujo waliondolewa kwa kuruka mapema, akabaki peke yake, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72 huku uwanja mzima ukimshangilia. Wengi waliandika juu yake kama kichekesho. Mimi naona mtu aliyefundishwa na wavuvi akifanya walichomfundisha: hakuacha hadi alipofika. Baadaye alishuka chini ya sekunde 57, na akawa kocha wa timu ya taifa lake.

Hata hivyo, kulisifu ziwa kusitufanye tuwe vipofu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 walikufa na nchi kavu ikionekana. Katika ziwa hilohilo, meli ya MV Bukoba ilizama Mei 1996 na mamia ya abiria, safari ikiwa imekaribia Mwanza. Ustadi wa ziwa umebaki kwa wavuvi, wengi wao wanaume, na mwanafunzi, mama wa sokoni au mkulima anayepanda chombo hajui hata kulala chali juu ya maji. Hapo mila ya bwawa inatuzidi waziwazi: inafundisha kila mtu kwa hatua, kwa mwalimu, kuanzia utotoni. Hilal na Saliboko ni zao la mafunzo ya namna hiyo. Kuwapima kwa nafasi waliyoshika ni kupima idadi ya mabwawa tuliyojenga.

Vijiji vya Mwese na majirani zake vinapata fedha za hewa ya ukaa kwa kuulinda msitu wa milima ya Ntakata, na fedha hizo zimejenga madarasa na huduma za afya. Bwawa la mita 50 milimani si kitu cha kuomba leo. Kinachowezekana ni kidogo zaidi na cha haraka: kuchagua ufuko Karema au Ikola, kuukagua kama una mamba au kichocho, kufunga maboya na kamba ya mita 50, kumwajiri mvuvi mzoefu pamoja na mwalimu wa michezo aliyesomea kuogelea, na kuwaleta watoto wa Mwese, wa kike na wa kiume, wakati wa likizo. Wafundishwe kwanza kuelea na kumvuta mwenzao, kisha wapigiwe saa. Madiwani wa Wilaya ya Tanganyika, jambo hili liingizeni kwenye bajeti ijayo.