Nani Alijenga, Nani Alijengesha?

Ukitaka kuujua ukabaila bila kujitesa na vitabu vizito vya nadharia, soma habari za Orkney. Ni visiwa kama sabini hivi, kaskazini mwa Uskoti, penye upepo mkali na miti ya kuhesabu. Zama zile wenyeji walikuwa wakulima na wavuvi, wengi wa asili ya Norwe. Wao walibaki palepale. Waliobadilika ni mabwana.

Mwaka 1379 mfalme wa Norwe alimpa Henry Sinclair, bwana wa Roslin huko Uskoti, cheo cha eli wa Orkney. Eli wa zama zile alikuwa kabaila mkubwa, mfalme mdogo ndani ya himaya yake: alitoza kodi, alihukumu, aliita watu vitani. Henry akajenga ngome pale Kirkwall. Eli watatu wa ukoo huo wakafuatana, mguu mmoja Norwe, mguu mwingine Uskoti.

Halafu ikaja harusi. Mwaka 1468 Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norwe, alikubali kumwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti. Kwa mila za huko zama zile, mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi. Mzee akaahidi florini 60,000. Ahadi tamu, mfuko mtupu! Kwa 50,000 akaweka rehani Orkney. Zile 10,000 alizosema atalipa taslimu, akaambulia kutoa 2,000 tu. Basi mwaka 1469, kwa 8,000 zilizobaki, Shetland nayo ikaenda rehani.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Cherehani huwekwa rehani, redio huwekwa rehani. Hapa ni visiwa vizima na waliomo ndani yake. Wamelala chini ya mfalme huyu, wameamka chini ya yule, na hakuna aliyewauliza. Miaka iliyofuata Denmark ilijaribu mara kadhaa kukomboa mali yake, wapi bwana! Mwaka 1470 William Sinclair aliuachia ueli wa Orkney kwa mfalme, akapewa ngome ya Ravenscraig huko Fife. Mwaka 1472 Bunge la Uskoti likavifunga visiwa kwenye taji.

Baada ya hapo wakaja akina Stewart. Robert alikuwa mtoto wa nje wa Mfalme James wa Tano, na mwaka 1581 akafanywa eli wa Orkney. Alijipatia kasri pale Birsay, na juu ya lango akaandikisha kwa Kilatini kwamba yeye, mwana wa James wa Tano, mfalme wa Waskoti, ndiye aliyeijenga kazi ile. Ila neno 'mfalme' lilikaa vibaya kisarufi: lilisomeka kama vile mfalme ni Robert mwenyewe! Wapo walioliona kuwa ni uhaini. Nyie mnaojifunza kuandika, mmeona kazi ya mwisho wa neno moja?

Mimi lakini neno linalonikera ni lile jingine: 'aliijenga'. Robert hakubeba hata jiwe. Kiswahili chetu kina adabu katika jambo hili. Kuna kujenga, na kuna kujengesha. Na hata kujengesha kuna kwa malipo na kuna kwa kiboko.

Mwanawe Patrick alimzidi baba. Alijengesha ngome ya Scalloway huko Shetland mnamo 1600, na kuanzia 1607 kasri la fahari Kirkwall. Malalamiko dhidi yake yanaeleza gharama: makabwela walilazimishwa kufanya kazi bila ujira wala chakula. Tena kwa sheria za zamani za Kinorwe, mkulima wa visiwa vile alimiliki shamba lake bila hati wala bwana juu yake. Kwa watu waliozoea hivyo, kuja kutumikishwa na eli ilikuwa aibu kubwa.

Hatimaye Patrick alikamatwa. Unadhani kabwela alipumua? Mwaka 1611 serikali ya Edinburgh ilifuta zile sheria za Kinorwe, ngao yenyewe ya mkulima. Mwaka 1614 Robert, mtoto wa nje wa Patrick, aliasi kwa niaba ya baba yake akajifungia kwenye ngome ya Kirkwall. Aliyetumwa kuibomoa kwa mizinga alikuwa George Sinclair, eli wa Caithness, mjukuu wa mbali wa Henry yule aliyeijenga! Mwanzoni mwa 1615 Robert alinyongwa, na Februari hiyohiyo baba yake akakatwa kichwa Edinburgh.

Leo kasri la Kirkwall na ngome ya Scalloway bado vimesimama, havina mapaa. Watalii huambiwa hapa alijenga Patrick. Nasema hapana. Walijenga watu wenye njaa, kwa mikono iliyopasuka kwa baridi, na majina yao hayakuandikwa juu ya lango lolote.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, siku utakapoandika habari za jumba lolote kubwa, chunga kitenzi chako. Usimpe bwana sifa ya kujenga wakati alijengesha. Silabi moja tu hiyo, lakini ndani yake kuna jasho la watu.