"Unbwogable" maana yake nini? Neno lililowatoa Wakenya uoga 2002

Ukimsikia Mkenya akisema yeye ni "unbwogable", anakuambia hivi: hakuna wa kunitisha, na sirudi nyuma. Hutamkwa kama "anbwogebo".

Limetoka wapi?

Katikati ya neno kuna "bwogo", kitenzi cha Kidholuo chenye maana ya kutisha. Mbele limebandikwa "un-" ya Kiingereza, ambayo hukanusha, na nyuma "-able", inayoonyesha kuwa jambo linawezekana. Ukiunganisha vyote unapata "asiyetishika".

Lilivuma mwaka 2002 kupitia wimbo wenye jina hilo wa kundi la Gidi Gidi Maji Maji, yaani Joseph Ogidi na Julius Owino.

Kwa nini lilishika?

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. KANU ilikuwa madarakani tangu uhuru, 1963, na Rais Daniel arap Moi tangu 1978. Kuna watu waliowahi kufungwa bila kesi kwa kuikosoa serikali, kwa hiyo kusema hadharani "sitishiki" halikuwa jambo dogo.

Muungano wa upinzani, NARC, uliudaka wimbo huo ukawa wa kampeni. Hata wasiojua Kidholuo waliimba tu, neno likawa la kila mtu.

Tarehe 27 Desemba, Mwai Kibaki alimshinda Uhuru Kenyatta wa KANU. Aliapishwa tarehe 30 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwani alikuwa ameumia katika ajali ya barabarani wakati wa kampeni.

Lina tofauti gani na "ngangari"?

Wengi huyachanganya. "Ngangari" ni mtu imara, aliye sawa, basi. Lakini ili uwe unbwogable lazima kuwe na kitu kinachojaribu kukutisha: mwenye nyumba anayedai kodi, mtihani mgumu, bosi mkali. Mfano: "Biashara imeyumba, lakini mimi bado ni unbwogable."

Ndiyo maana mwenye mamlaka akijiita hivyo watu huguna. Kwani nani anamtisha? Serikali hiyohiyo iliyoingia na wimbo huo ilishindwa kwenye kura ya maoni ya katiba, Novemba 2005. Safari hiyo, wasiotishika walikuwa wapiga kura.