Nakala za kidijitali za zana za mawe

Nakala ya kidijitali ya zana ya mawe ni umbo la kifaa cha kale lililopimwa kwa skana au kamera, likatunzwa kwenye kompyuta kama modeli ya pande tatu, na mara nyingi likachapishwa upya kwa plastiki au risini. Kabla ya hapo makumbusho yalitegemea plasta. Jiwe lilifunikwa kwa silikoni ili kupata kalibu, kisha plasta ikamiminwa humo. Nakala ilitoka vizuri, ila kalibu iliweza kuacha mabaki juu ya jiwe na kuharibu chembe za mimea au mafuta ambazo mtafiti wa baadaye angetaka kuzichunguza. Mwanga hauachi kitu.

Njia nafuu zaidi ni fotogrametria. Jiwe huwekwa juu ya meza inayozunguka, likapigwa picha nyingi zinazopishana, na programu ikatafuta alama zilezile katika kila picha ili kukokotoa mahali pa kila nukta. Skana za leza na za mwanga wenye michirizi hufanya kazi hiyo kwa haraka na usahihi zaidi, kwa bei kubwa zaidi. Mwisho wa yote hupatikana wavu wa pembetatu ndogondogo unaofunika umbo zima.

Mawe hayapimiki kwa urahisi sawa. Basalti, yenye rangi nzito isiyong'aa, haina usumbufu. Obsidiani ya Bonde la Ufa karibu na Naivasha hung'aa kama kioo, na kwarzaiti ya Olduvai, iliyochukuliwa katika kilima cha Naibor Soit, hupitisha mwanga kiasi. Zote mbili huidanganya skana. Dawa yake ni kupaka unga mwembamba unaofuta mng'ao, jambo linalorudisha kwa mlango wa nyuma lile tatizo la mabaki. Tahadhari nyingine ni ya vipimo. Faili za STL, zinazotumiwa sana na printa, hubeba namba bila kutaja kama ni milimita au inchi, na anayekosea hapo hupata shoka la mkono lenye ukubwa wa punje au la kujaza chumba.

Mfano mzuri wa matumizi ya nakala hizi ni eneo la Lomekwi 3, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya. Mwaka 2011 kundi la Sonia Harmand na Jason Lewis lilipata huko zana zenye umri wa miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zile za Gona, Ethiopia, kwa takriban miaka 700,000. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2015, modeli za baadhi ya zana ziliwekwa kwenye tovuti ya African Fossils, inayohusishwa na Louise Leakey na Turkana Basin Institute. Mwalimu mwenye printa akaweza kuzipakua na kuwapa wanafunzi wazishike.

Lakini wanashika nini hasa? Mawe ya Lomekwi ni makubwa. Viini, yaani mawe yaliyobanduliwa vibanzi, vina wastani wa kilo 3 hivi, na jiwe zito kuliko yote lina kilo 15. Uzito huo ndio hoja yenyewe, kwa sababu watafiti wanaona kuwa watengenezaji walilipiga jiwe la kazi juu ya fuawe, au waliliweka juu yake na kuligonga kutoka juu. Plastiki ya PLA, hata ikijazwa kabisa, ina chini ya nusu ya msongamano wa basalti, na printa kwa kawaida huacha sehemu kubwa ya ndani wazi ili kuokoa muda na malighafi. Mwanafunzi huinua kwa vidole vitatu kitu kilichohitaji mikono miwili, akaondoka na picha potofu ya kazi ile. Kuacha tundu na kujaza mchanga hupunguza kasoro hii, na inafaa kufanywa kila mara.

Makali ni hasara nyingine. Plastiki hutandazwa kwa tabaka za sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, kwa hiyo ukingo uliokata nyama hutoka butu, na mikwaruzo ya matumizi hupotea kabisa. Printa za risini hukaribia zaidi, ila hazitoshi kuchunguza matumizi ya zana. Darubini bado huelekezwa kwenye jiwe.

Kinachobaki ni umbo, nalo lina faida kubwa. Kwenye skrini mtafiti hupima pembe za makali na ujazo wa jiwe, huhesabu makovu ya mapigo, na hujaribu kurudisha kibanzi kwenye kiini chake hata kama vimetunzwa katika nchi mbili tofauti. Wasioona hutambua kwa vidole ulinganifu wa shoka la mkono ambalo kwa kawaida hufungiwa nyuma ya kioo.

Suala la umiliki halijatulia. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inataka kibali kabla ya kifaa cha kale kuvuka mpaka, lakini faili haipiti forodhani. Haki za kuitunza, kuisambaza au kuiuza huamuliwa zaidi na masharti ya kibali cha utafiti, na yasipoandikwa mapema, faili hubaki kwenye kompyuta ya aliyeshika skana.