Mhunzi na Makanika wa Ukambani

Kitui na Makueni ni nchi ya vilima, mchanga na mito ikaukayo. Upande wa Makueni vilima vya Mbooni na Kilungu vimesimama kama kuta. Ng'ambo ya Mto Athi nchi ya Kitui yaenea mbali, kavu na yenye joto, na mvua zake hazitegemewi. Tangu zamani wenyeji wa nchi hii walilazimika kusafiri ili waishi. Na katika nchi ya safari ndefu, chombo kikiharibika njiani, mwenye chombo hana wa kumlilia ila maarifa yake mwenyewe. Insha hii yasimulia habari za maarifa hayo: namna yalivyoanza katika tanuri la mhunzi, namna yalivyofifia, na namna yanavyojaribiwa leo na chombo kimoja kigumu, nacho ni giaboksi ya otomatiki iliyoanza kuteleza.

Masimulizi ya wenyeji husema kwamba jina la Kitui lenyewe latokana na uhunzi. Maana yake ni mahali panapofanyiwa kazi ya chuma. Wahunzi wa Kikamba hawakununua chuma dukani. Waliukusanya mchanga mweusi wenye chuma uliosombwa na maji katika vijito, wakauyeyusha kwa moto wa makaa, huku upepo ukisukumwa kwa viriba vya ngozi. Kutokana na tonge la chuma lililopatikana walifua vichwa vya mishale, visu na majembe. Walikuwa hodari pia wa kuvuta nyaya na kufuma mikufu myembamba ambayo vikuku vyake vidogo viliwastaajabisha wageni. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Kiswidi aliyekaa kati ya Wakamba mnamo 1911 na 1912, aliandika habari za ufundi wao katika kitabu kilichotoka 1920. Jambo la kukumbuka ni hili: mhunzi yule aliijua kazi yake toka mwanzo hadi mwisho. Alijua mchanga, alijua moto, alijua chuma. Kisu kikivunjika, hakuuliza kimetoka wapi, kwa kuwa alikizaa mwenyewe.

Mahitaji ya safari yaliukuza ufundi huo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mmoja wa viongozi wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimpokea Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani. Na ilikuwa kutoka Kitui, mwezi wa Desemba mwaka huo, kwamba Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Siku hizo gari la nchi lilikuwa mgongo wa mtu, na injini yake ilikuwa moyo wake.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, nayo ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud. Jina la mji huu wa mwisho latukumbusha Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902. Huko Makindu Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926, nalo lingaliko na hupokea wasafiri hata leo. Reli ilileta faida nyingi, lakini ilileta pia majembe na visu vilivyokwisha kufuliwa katika viwanda vya Ulaya, kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo. Tanuri za kuyeyushia mchanga zilizimika moja baada ya nyingine. Mhunzi hakushindwa kwa sababu mkono wake ulikuwa dhaifu. Alishindwa kwa sababu watu waliona si lazima tena kujua chuma hutoka wapi. Waliobaki katika kazi walifua vyuma vikuukuu vya wageni.

Hata hivyo ufundi haukufa, ulibadili mavazi. Mwaka 1924 ilifunguliwa shule ya ufundi ya Kabete, karibu na Nairobi, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa kazi za mikono. Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, Wakamba wengi waliingia jeshini, na baadhi yao walijifunza kuendesha na kutengeneza magari ya kijeshi. Waliporudi, walirudi na elimu ya spana. Baadaye wakatokea mafundi wasio na karakana wala paa, waliofanya kazi zao chini ya miti na kandokando ya barabara, nao wakaitwa jua kali kwa sababu jua ndilo lililokuwa dari yao. Mwaka 1972 taarifa ya Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya iliueleza ulimwengu kwamba watu wa namna hiyo si wazembe, bali ni wazalishaji wa mali. Gari la siku hizo lilikuwa na klachi ya kukanyagwa kwa mguu na gia za kubadilishwa kwa mkono. Na fundi wa jua kali aliijua klachi hiyo kama mhunzi alivyojua fuawe lake.

Wakati huohuo chombo kingine kilikuwa kikikua mbali. Mwaka 1905 Hermann Föttinger, mhandisi wa Kijerumani, alipewa hataza ya njia ya kupitisha nguvu kwa mzunguko wa majimaji, akiikusudia kwa meli. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza motokaa za Oldsmobile zenye giaboksi iliyojibadilishia gia yenyewe, na mwaka 1959 Toyota ya Japani ikatoa ya kwake. Kwa miaka mingi vyombo hivyo vilikuwa haba Ukambani. Lakini biashara ya nchi ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, motokaa za mitumba kutoka Japani zilianza kumiminika katika bandari ya Mombasa, na nyingi kati yake zina giaboksi ya otomatiki. Leo gari la namna hiyo hupanda Mbooni likiwa limesheheni abiria na magunia, kazi ambayo mwenye gari wa kwanza kule Japani hakuiwazia kabisa.

Ili tuelewe ugonjwa wa kuteleza, yafaa kwanza tuielewe afya. Ndani ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida hakuna klachi moja kavu. Kati ya injini na gia mna mfano wa feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: ya kwanza huzungushwa na injini na kuirusha oili, na oili huizungusha ya pili. Nyuma yake mna mafungu ya sahani nyembamba zilizopangwa pamoja. Pampu huisukuma oili kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo izibanayo sahani zishikane na kulivuta gari. Kwa hiyo oili hufanya kazi nne kwa pamoja: hupitisha nguvu, hubana sahani, hulainisha vyuma, na huondoa joto, ambalo kwa kawaida hupelekwa kupozwa kwenye rejeta.

Basi oili ikipungua, pampu hunyonya hewa. Nguvu ya kubana hupungua. Sahani husuguana badala ya kushikana. Hapo dereva husikia injini ikinguruma mlimani, lakini mwendo wa gari haulingani na ngurumo hiyo. Huko ndiko kuteleza. Na kuteleza huzaa joto, joto huunguza oili, oili iliyoungua hugandisha sili za mpira na kuharibu sahani, na sahani zilizoharibika huteleza zaidi. Hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Matengenezo ya nyumbani huanza kwa macho, si kwa spana. Gari na lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu yamezuiwa. Kwa magari mengi yenye kijiti cha kupimia, injini huachwa ipate joto, mkono wa gia hupitishwa polepole katika nafasi zote huku breki imekanyagwa, kisha oili hupimwa injini ikiwa ingali inazunguka. Lakini watengenezaji hawakubaliani wote katika jambo hili, na magari mengine hayana kijiti kabisa. Kwa hiyo kitabu cha gari lenyewe ndicho kitoacho hukumu. Itazamwe oili juu ya kitambaa safi. Oili nyingi za giaboksi huwa nyekundu zikiwa mpya. Ikiwa imekuwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, sahani zimekwisha kuteseka.

Ikiwa oili ni safi lakini haitoshi, dawa iko karibu. Oili ya giaboksi haiungui kwa kazi kama kuni. Ikipungua, ni kwamba imevuja. Atafute mvujo katika gasketi ya sampu, katika mabomba yaendayo kwenye rejeta, na katika sili za ekseli. Auzibe kwanza, kisha aongeze oili ya aina ileile iliyotajwa na mtengenezaji, kidogo kidogo, akipima kila mara. Oili ya aina nyingine yaweza kuharibu kile kilichosalia. Na oili ikizidi mno huchapwa na vyuma hadi ikawa povu, na povu, kwa kuwa lina hewa, hurudisha kuteleza kulekule.

Ikiwa oili ni chafu, fundi mwangalifu aweza kufungua sampu, kubadili chujio, na kuitazama sumaku iliyomo ndani. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma na makombo ya sahani ni habari ya msiba. Ajue pia kwamba oili itokayo si yote, kwa kuwa nyingi hubaki ndani, na kwamba oili mpya haiwezi kuzifufua sahani zilizokwisha. Katika magari ya siku hizi mna vali ziendeshwazo kwa umeme, na kosa lake laweza kusomwa kwa kompyuta ndogo ya fundi. Pengine vali moja tu ndiyo iliyokwama. Lakini ikiwa sahani zenyewe zimekwisha, hapo ndipo mpaka wa kazi ya nyumbani. Giaboksi ni nzito, yataka vifaa maalumu, na yataka mtu aliyejifunza kuifungua na kuifunga. Kulijua pambano lisilo lako ni sehemu ya ufundi.

Yako makatazo mawili ambayo kijana hana ruhusa ya kuyasahau. La kwanza, asilale kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likalie stendi imara za chuma juu ya ardhi ngumu. La pili, oili chafu isimwagwe mtoni. Katika Kitui na Makueni mto uliokauka si mto mfu. Chini ya mchanga wake mna maji, na katika miongo ya karibuni wenyeji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga ili kuyahifadhi. Mama achimbaye kisima cha mchanga kwa kata wakati wa kiangazi hunywa kile ambacho fundi alikimwaga. Oili na ikusanywe katika mtungi ufungwao na ipelekwe inakopokelewa.

Sasa tumtazame tena mhunzi wa zamani. Mchanga ulibaki mtoni, makaa yalibaki msituni, mikono ilibaki na nguvu. Kilichoondoka ni desturi ya kutaka kujua. Kitu kilichokuja kikiwa kimekamilika kiliwazoeza watu kutokiuliza asili yake. Giaboksi ya otomatiki huja kwetu kwa njia ileile: imefungwa, imetoka mbali, na mwuzaji hushauri kwamba ikiharibika inunuliwe nyingine. Pengine ushauri huo ni wa kweli. Lakini mtu asiyejua kwa nini giaboksi yake iliteleza atainunua ya pili, ataiendesha na mvujo uleule na rejeta ileile chafu, naye atainunua ya tatu. Anayejua sababu, hata akishindwa kuitengeneza, hatadanganywa na fundi mwongo wala hatamdhulumu fundi mwaminifu.

Shule za nchi yetu hufundisha nguvu ya majimaji, msuguano na joto, na wanafunzi huyaandika hayo katika madaftari kama mambo ya mtihani. Kumbe yote matatu yamo ndani ya gari linaloshindwa kupanda kilima cha Kilungu. Mhunzi wa Kitui hakuwa na daftari, bali aliuona mchanga mweusi katika kijito, akajiuliza una nini ndani yake. Swali hilo ndilo lililozaa jembe.