WALIOBAKI JUBA NA NDUGU ZAO WAANDISHI WALIO NG'AMBO



Kamati imeniomba historia fupi kwa toleo hili la kumbukumbu. Nimechagua habari za watu ambao majina yao hayakuandikwa gazetini: jamaa waliobaki nyumbani wakawapelekea habari ndugu zao waandishi walioko nje.

Usiku wa tarehe 8 Julai 1965 askari wa serikali waliua raia wengi mjini Juba na kuchoma nyumba zao. Gazeti la The Vigilant la chama cha Southern Front, lililohaririwa na Bona Malwal mjini Khartoum, lilitangaza habari hizo. Serikali ikalifungia. Ilionekana wazi jinsi ilivyo vigumu kuchapa habari za Kusini ndani ya nchi.

Mwaka 1970 Enock Mading de Garang alianza kuhariri jarida la The Grass Curtain mjini London. Maana ya jina hilo ni Pazia la Nyasi. Ulaya ilikuwa na Pazia la Chuma. Vita vyetu vilifichwa nyuma ya majani, dunia isivione. Lakini mhariri aliyeko London haoni kijiji kikiungua. Lazima aambiwe na aliyekuwapo. Mapatano ya Addis Ababa yalipofikiwa Februari 1972, Mading alikuwa msemaji wa upande wa Kusini, na baadaye waziri wa habari katika serikali ya Kusini hapo Juba.

Baada ya mapinduzi ya Juni 1989, gazeti jingine la Malwal, Sudan Times, lilifungwa. Tangu 1990 akachapa Sudan Democratic Gazette huko Uingereza. Wakati huo Juba ilikuwa imezingirwa. Mwaka 1992 SPLA iliushambulia mji mwezi Juni na tena Julai. Baada ya hapo watu wengi walikamatwa, na wengine hawakuonekana tena. Andrew Tombe, mfanyakazi wa USAID, aliuawa kwa madai ya uhaini. Katika hali hiyo, barua moja mfukoni iliweza kumponza mtu na nyumba yake yote.

Uhuru wa 2011 haukuondoa hatari hiyo. Tarehe 5 Desemba 2012 Isaiah Abraham, aliyeandika maoni katika Sudan Tribune, gazeti lenye makao yake Paris, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Juba. Gazeti lilikuwa mbali, mwandishi alikuwa karibu.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2013, vita vilizuka Juba. Kaka yangu mkubwa alikuwa ng'ambo akiandika makala za siasa. Alinipigia simu usiku: "Mdogo wangu, nitafutie majina ya waliokufa." Niliyakusanya kwa majirani, nikayaficha katika daftari la maandalio ya masomo. Jina moja nililiandika kwa kuwa watu wawili walinithibitishia. Kumbe wote wawili walisikia kwa mtu mmoja. Kijana yule alikuwa hai, amejificha. Habari ilipomfikia mama yake kijijini, alikaa matanga siku tatu. Kaka alisahihisha makala yake, lakini mama yule hakutaka tena kuniona.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni hili: "Uliona, au ulisikia?" La pili: "Jina lako likijulikana, nani ataumia?" Wanafunzi wangu nawafundisha maswali hayo hayo.

Wengi wetu kambini hapa tuna ndugu Australia, Kanada au Marekani wanaotuuliza habari. Tuwasaidie, kwani bila sisi wataandika uvumi. Lakini tusitaje aliyetuambia bila ridhaa yake. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnapoandika taarifa zenu, tunawaomba mfanye vivyo hivyo.

Tuwakumbuke waliobeba barua zile. Wengi wao hawakupata kusoma gazeti lililochapa habari walizozibeba.

Mwalimu, kwa niaba ya Kamati ya Jumuiya