Buswahili: Pwani Katika Kinywa cha Bara

Katika Wilaya ya Butiama, mkoani Mara, pana kata iitwayo Buswahili. Kila nilionapo jina hilo hulisoma mara mbili, maana ndani yake lugha mbili zimepeana mkono. Shina lake limetoka mbali: sawahil, wingi wa neno la Kiarabu sahil, yaani pwani. Kiambishi chake ni cha hukohuko Mara: bu-, kile tukisikiacho katika Bukwaya na Bukabwa, nchi ya Wakwaya na nchi ya Wakabwa.

Sisi wa Kiswahili twasema u-: Uzaramo, Upare, Usukuma. Misafara ya pwani ilipofika Buganda katika karne ya 19, wenyeji walitamka Bu-, wageni wakasikia kwa masikio yao na kusema Uganda. Ramani za dunia zikaandika walivyosema wageni. Huko bara lilitamkwa kwa kinywa cha pwani. Buswahili ni kinyume chake: pwani ndiyo iliyotamkwa kwa kinywa cha bara, ikavishwa kiambishi cha wenyeji kana kwamba Waswahili nao ni kabila la jirani.

Na majirani wa Mara ni wengi. Mjita na Mkwaya huelewana bila taabu kubwa, na Mzanaki akimsikiliza Mwikizu hatapotea sana. Lakini Mjaluo lugha yake si ya Kibantu. Hapo kubahatisha maneno hakufai kitu, na sokoni bei haibahatishwi. Kiswahili kilipata nafasi hapo. Wajerumani walikitumia katika utawala, Waingereza wakakifundisha shuleni. Mwaka 1934 mtoto wa Butiama aliyekuzwa kwa Kizanaki, Julius Nyerere, alianza masomo Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Wanaodai (na wapo hata leo) kwamba mtu wa bara ni mpangaji tu katika lugha hii, na waitazame miaka hiyo 29.

Linaloniuma ni jambo jingine. Mijini neno Uswahili limeteremshwa cheo. “Acha Uswahili wako!” humaanisha acha ujanja, acha maneno mengi, acha kuzungusha watu. Kiambishi u- huweza kutaja nchi, huweza kutaja tabia. Nasi tumeiacha nchi tukashika tabia, tena tabia mbaya. Tumeifanya lugha inayotupatanisha kuwa jina la udanganyifu, kisha twashangaa vijana wakionea haya kuitwa Waswahili.

Mtu akisema jijini Dar es Salaam, “Mimi natoka Buswahili,” nadhani watamcheka kwanza. Akisema hivyo Musoma, ataulizwa kama mvua imenyesha huko.