Bawaba, Parafujo na Lehemu: Msamiati wa Kuchagulia Kompyuta ya Kupakata

Maswali yanayotufikia kutoka kwa walimu na wafasiri wa mwambao wa kaskazini, tangu Pangani hadi Mkinga, aghalabu huhusu istilahi moja moja. Lakini lipo swali jingine ambalo kwa juu juu halionekani kuwa la idara yetu: mtu anayenunua kompyuta ya kupakata kwa mara ya kwanza, naye ataka iliyo imara, nyepesi na inayorekebishika kwa mahitaji yake, achague vipi? Sisi si wachuuzi wa mitambo. Hata hivyo twaona kwamba swali hili limo ndani ya kazi yetu, kwa sababu mnunuzi asiye na maneno ya kuulizia hununua kwa kubahatisha.

Tuanze na mkasa mmoja tulioushuhudia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuwa amejiwekea akiba kwa miezi mingi, aliingia katika duka mjini Tanga akauliza mashine aliyoonyeshwa ina kumbukumbu kiasi gani. Akajibiwa: gigabaiti 256. Akaridhika, akalipa. Baada ya majuma machache mashine ikawa inasuasua kila alipofungua majedwali mawili ya alama za wanafunzi. Fundi alimweleza kwamba hizo 256 ni nafasi ya kuhifadhia kazi. Kumbukumbu ambayo mashine huitumia inapofanya kazi ilikuwa gigabaiti 4 tu, nayo ilikuwa imelehemewa kwenye bodi, haiongezeki. Muuzaji hakusema uongo, wala mwalimu hakuuliza vibaya. Neno moja lilikuwa limebebeshwa vitu viwili.

Yafaa tujiulize tumefikaje hapa, maana mwambao huu si mgeni wa kuyapa mambo mapya majina. Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikuwa likichapwa Tanga, katika shule ya serikali ya Wajerumani, na liliendelea hadi mwaka 1916. Mtambo wa kuchapia ulikuwa mzito wa kukaa mahali pamoja, lakini jina la kazi yake lilikuwa jepesi. Chapa ni alama inayogandamizwa juu ya kitu. Ikatoka kupiga chapa, kuchapa, mchapaji, uchapaji na kiwanda cha uchapaji. Taipureta ilipofuata maofisini, ilipokewa na lugha ile ile: karani akapiga chapa barua kama mtambo ulivyopiga chapa gazeti. Neno hilo lilidumu kwa kuwa lilikuwa fupi, lilikubali kunyambuliwa, na lilitoka katika jambo ambalo watu walilijua kwa mikono yao.

Kompyuta ilikuja kwa njia nyingine. Ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo, na kwa miaka mingi ikabaki kuwa kitu cha ofisi chache, kisichoonekana na mwananchi wa kawaida wala kuguswa na fundi wa mtaani. Kwa maoni yetu, hali hiyo iliacha athari katika istilahi. Waundaji wa maneno walishughulika zaidi na jina la mashine nzima: wengine wakasema ngamizi, wengine tarakilishi, na wengi wakabaki na kompyuta, ambayo ndiyo iliyoshika. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake. Lakini viungo vya ndani vya mashine havikupata wa kuvisemea, na marufuku ilipokwisha, vilipokewa madukani pamoja na majina yake ya kigeni.

Wakati huo huo mashine yenyewe ilikuwa ikipungua uzito. Osborne 1, iliyotolewa Marekani mwaka 1981 kwa madai ya kuwa ya kubebeka, ilikuwa mzigo wa kilo 11 hivi, yenye kioo cha inchi 5, tena haikuwa na betri ya ndani. Mwaka 1985 kampuni ya Toshiba ya Japani ilitoa T1100, yenye kilo 4 hivi, ambayo iliweza kweli kuwekwa mapajani. Hapo ndipo Kiswahili kinapopata neno kutoka nyumbani: kupakata, kama mama ampakatavyo mwanawe. Kompyuta ya kupakata, kompyuta mpakato na kipakatalishi vyote vimechipuka katika shina hilo.

Hata hivyo jina zuri la chombo halimtoshi anayetaka kukinunua. Mvuvi wa Tanga anayenunua ngalawa haridhiki kwa kujua kwamba ile ni ngalawa. Hutazama mti uliochongwa, hupapasa nyufa, hukagua milengu na mafungo yake. Anayo maneno ya kila kiungo na ya kila kasoro, na kwa hiyo hadanganyiki upesi. Mnunuzi wa kompyuta naye anahitaji maneno ya namna hiyo, na mengi yake yamo tayari katika karakana za mwambao.

Tuangalie kwanza uimara. Kiungo kinachochoka mapema katika kompyuta ya kupakata ni kile kinachokiunga kioo na kiwiliwili. Mafundi seremala wa pwani wamekuwa wakikiita bawaba tangu zama za milango ya nakshi. Basi mnunuzi aseme, “Nionyeshe bawaba,” afungue na kufunga mara kadhaa, aone kama kioo kinasimama pale anapokiacha. Aulize pia kama hifadhi yake ni ya sahani inayozunguka, ambayo huumia kwa mishtuko ya basi la barabara mbovu, au ni ile isiyo na kitu kinachozunguka. Na kwa sababu hewa yetu ina unyevu na chumvi, atazame matundu ya kuchomekea waya kama yameanza kushika kutu, hasa anaponunua mashine iliyokwisha kutumika.

Wepesi ni sifa rahisi kupimwa, ila hupimwa vibaya. Mashine nyingi za leo zina uzito wa baina ya kilo 1 na 2, lakini mwalimu aendaye kazini kwa baiskeli hubeba pia chaja na waya zake. Apime vyote pamoja, kisha aulize betri inadumu saa ngapi, kwa kuwa mashine nyepesi yenye betri hafifu humlazimisha kubeba chaja kila siku.

Sifa ya tatu, ya kurekebishika, ndiyo iliyomponyoka mwalimu wetu. Hapa maneno mawili ya mafundi yanatosha kutenganisha mashine na mashine: parafujo na lehemu. Kilichofungwa kwa parafujo hufunguliwa kwa bisibisi, kikabadilishwa au kuongezwa. Kilicholehemewa ama kugandishwa kwa gundi ni vigumu kukiondoa. Jambo hili limetambuliwa kwingineko. Kompyuta ndogo ya XO, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa shule na kusambazwa kwa wingi nchini Rwanda, iliundwa ili ifunguliwe na kutengenezwa huko huko shuleni. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya Marekani ilitoa kompyuta ya kupakata ambayo mwenyewe huweza kubadilisha kumbukumbu, betri, kioo, hata matundu ya waya.

Kurekebisha hakuishii kwenye vyuma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maagizo ya Kiswahili. Mashine inayokubali kugeuzwa lugha yake imerekebishika kwa namna inayotuhusu sisi moja kwa moja.

Limebaki neno lililomponza mwalimu. Twapendekeza kumbukumbu itengwe na hifadhi pasipo kuchanganywa. Karani wa forodha ya Tanga ana meza na ana bohari. Mezani huweka hati anazozishughulikia saa ile. Boharini hukaa shehena hadi itakapohitajiwa. Bohari iwe kubwa namna gani, meza ikiwa finyu kazi hukwama. Kumbukumbu ndiyo meza, hifadhi ndiyo bohari, na mnunuzi aulize idadi mbili, kila moja kwa jina lake, kisha aulize kama meza yaweza kupanuliwa.

Twawaomba walimu, wafasiri na maofisa wanaosoma kurasa hizi wapite kwa mafundi wa kompyuta wa Ngamiani, Muheza na Pangani, waandike maneno wanayoyatumia kutajia viungo na kasoro, kisha watuletee. Kamati itayapima. Mwalimu yule bado anaitumia mashine yake, akifungua jedwali moja kwa wakati mmoja.